Kisa cha noti B: mpigaji chelo wa taarabu anapojiandalia Bach

Mpigaji wa kisa hiki ana miaka 21. Kazaliwa Wete, Pemba, kaanza fidla akiwa na miaka 12, akavuka kuja Unguja kwa masomo ya skuli. Alipofika miaka 16, klabu moja ya taarabu mjini ikampa chelo iliyokuwa imesimama kabatini tangu mwenyewe alipozeeka. Ni kisa cha mfano: yanayowapata wapigaji wengi wa visiwani yamewekwa kwa mtu mmoja ili yaweze kupimwa. Kwa miaka mitano amepiga besi kwenye bashraf (vipande vya ala tupu vya kufungulia taarabu) na nyimbo za harusi, na maqam, ile mitindo ya skeli za Kiarabu, anazijua kwa sikio. Sasa anataka kuomba nafasi katika chuo cha muziki nje ya nchi, asomee chelo ya klasiki.

Vyuo hivyo kwa kawaida huanza kwa kutaka video: Bach ya chelo peke yake, zoezi moja la ufundi, na sehemu ya kwanza ya koncheto, yaani kazi ya chelo na okestra. Alirekodi Preludi ya Suiti Namba 1 ya Johann Sebastian Bach, ile ya G kubwa (BWV 1007 katika orodha ya kazi zake), akamtumia mwalimu mmoja wa nje aisikilize. Jibu lilikuja fupi: noti za juu, kule karibu na mwili wa chombo, zimepanda, B ya mwanzo iko chini, mkono wa uta umebana. Likafuatiwa na ushauri: aache taarabu mwaka mzima, sikio lisafike.

Makosa yote matatu yalikuwepo kweli. Ushauri ndio uliokosea. Ukiyafuata makosa hayo hadi yanapoanzia, mawili yametokana zaidi na hewa ya Unguja kuliko mkono wa kijana. Lililobaki, la B, limetokana na sikio lenye B nyingi kuliko zinazotakiwa na Bach, na sikio la namna hiyo halisafishwi kwa kunyamazishwa.

Chombo kwanza

Chelo ya klabu ilipimwa kwa rula kabla mpigaji hajaguswa. Urefu wa uzi, kutoka kigogo cha juu (kijiti ambacho nyuzi hupita juu yake karibu na vigingi) hadi daraja (ubao mwembamba unaozibeba nyuzi juu ya kifua), ulikuwa milimita 690, ambao ni wa kawaida. Kilichoshangaza ni kimo cha nyuzi mwishoni mwa ubao wa vidole. Chelo iliyotengenezwa vizuri huwa na milimita 5 hadi 6 chini ya uzi wa A, ulio mwembamba kuliko yote minne, na 8 hivi chini ya uzi wa C, ulio mnene kuliko yote. Hii ilikuwa na 9 kwa A na 12 kwa C. Kubonyeza uzi wa chuma kutoka kimo hicho kunachosha mkono, na pia kunaunyoosha uzi wenyewe, na uzi ukinyooka noti inapanda. Kadiri mpigaji anavyokwenda juu, ndivyo kimo kinavyoongezeka na noti inavyozidi kupanda. Kosa halikuwa la kidole. Uzi ndio uliokuwa juu.

Chanzo chake ni unyevu. Kifua cha chelo, yaani ubao wake wa mbele, ni mbao laini ya msonobari wa Ulaya, na mgongo ni wa mti mgumu wa mepo. Mbao hunywa maji na kuvimba kwa upana, kukingama na mistari ya mti, si kwa urefu. Kingo za kifua zimegandishwa kwenye mbavu, yaani mbao za ubavuni, kwa hiyo ubao ukitanuka hauna pa kwenda ila kubinuka juu, na daraja linapanda nao. Chombo kimeundwa kikae kwenye unyevu wa asilimia 40 hadi 60. Masika, Machi hadi Mei, hewa ya Mji Mkongwe hukaa juu ya 80. Wakati huohuo gundi ya ngozi ya mnyama, inayoshikilia viungo vyote, hulainika kwa unyevu na joto, na nyuzi nne zinavuta shingo kwa nguvu inayozidi uzito wa kilo 50. Miaka ikipita, shingo inainama mbele kidogokidogo. Kifua juu, shingo chini: nyuzi zinaachana na ubao.

Daraja nalo lilikuwa limelala. Kila unapokaza vigingi, uzi hulivuta daraja upande wa ubao wa vidole, na asiyejua kulirudisha hulikuta siku moja limejipinda. Kichwa cha daraja hili kilikuwa kimesogea milimita 4. Maana yake uzi wa 690 umekuwa wa 686, na oktavu (noti ileile ya uzi ulio wazi, ngazi moja juu) iliyokuwa katikati, kwenye 345, sasa iko 343. Milimita 2 hapo ni kama sehemu ya kumi ya nusu toni, ile hatua ndogo kabisa ya piano. Ni kidogo, lakini ukiijumlisha na uzi ulionyooshwa, unapata kile alichokisikia mwalimu wa nje.

Kipimo cha kutenganisha kosa la mkono na la chombo ni rahisi na hakitaki kifaa. Gusa uzi kwa wepesi katikati, bila kubonyeza, upate ile sauti ya filimbi. Kisha bonyeza pale pale hadi chini, upige tena. Zikilingana, chombo ni kizima. Sauti ya pili ikiwa juu, nyuzi ziko juu mno. Zikitofautiana kwa njia moja kwenye uzi mmoja na nyingine kwenye uzi wa jirani, nyuzi zenyewe zimechoka. Za chelo hii zilikuwa na miaka mitano na madoa ya kutu, maana hewa ya pwani ina chumvi na jasho la vidole linamalizia. Kitambaa kikavu kila baada ya kupiga huongeza umri wa nyuzi kuliko dawa yoyote ya chupa.

Uzi wa C ulikuwa pia unavuma kama nyuki. Ukigonga kingo za kifua kwa kifundo cha kidole, ukizunguka polepole, panapotoa mlio wa kupwaya ndipo kiungo kilipoachia. Ilionekana nafasi ya sentimita 7 hivi upande wa chini. Hapa ndipo chelo nyingi huharibiwa kwa nia njema. Fundi anayechonga milango anaifahamu mbao vizuri sana, lakini gundi iliyoko mezani kwake ni ile nyeupe ya fanicha, na gundi hiyo haifai hapa. Kiungo cha chelo kinatakiwa kiachie kabla mbao haijapasuka; ukikishika kwa gundi nyeupe au ya epoksi, kikivutwa tena utapasuka ubao wenyewe, na fundi wa baadaye hataweza kukifungua bila kuuharibu. Gundi ya ngozi huuzwa ikiwa chembechembe. Hulowekwa kwenye maji baridi mpaka zivimbe, kisha hupashwa kwenye chombo kilichowekwa ndani ya maji ya moto, kama nyuzijoto 60. Isichemke, maana ikichemka inapoteza nguvu. Kiungo hufungwa kwa vibanio vyenye mpira usiku kucha.

Daraja jipya lilichongwa kutoka kipande cha mepo kilichoagizwa. Miguu yake hulazwa sawasawa na kifua kwa kubandika msasa juu ya kifua, uso wenye chembe ukiangalia juu, na kulisugua daraja kwa mwendo mfupi mahali litakaposimama. Juu lilikonda hadi milimita 2.5. Lilipunguzwa hatua kwa hatua mpaka A ikawa 6 na C ikawa 8.5. Jambo la kuzingatiwa sana katika kazi hii: usilegeze nyuzi zote kwa pamoja. Ndani ya chelo kuna kijiti cha duara, unene wa milimita 11, kinachosimama kati ya kifua na mgongo karibu na mguu wa daraja wa upande wa A. Hakina gundi, kinashikwa na mbano wa nyuzi tu. Nyuzi zikilegea zote kinaanguka, na kukisimamisha tena kupitia tundu la sauti kunataka fundi mwenye mkono wa subira.

Baada ya matengenezo mpigaji alisikika vibaya zaidi. Hilo lilitarajiwa. Kwa miaka mitano vidole vilikuwa vimejifunza kusimama chini kidogo, kufidia sehemu tu ya kule kupanda kwa uzi, na sasa uzi umeacha kupanda. Inachukua wiki tatu hivi za skeli za polepole, na mtu akirekodiwa ndani ya wiki hizo atadhani kaharibiwa chombo chake.

Taa kabatini

Matengenezo haya yote hayadumu kama chelo itarudi kwenye kona ileile ya ukuta wa chokaa. Mashine ya kukausha hewa ni nzuri, ila inategemea umeme usiokatika. Pakiti za silika jeli ndani ya kasha hushiba haraka kwa hewa yetu, na zisipokaushwa kwenye oveni mara kwa mara zinakuwa mzigo tu. Njia inayofaa ni ya zamani: kabati linalofunga, na chini yake balbu ya wati 25 ya ule mtindo wa waya unaowaka, iliyokingwa kwa wavu na isiyoelekezwa kwenye mbao. Balbu za kisasa za LED hazitoi joto la kutosha. Hewa ya nyuzijoto 28 yenye unyevu wa asilimia 80, ukiipandisha hadi 33, unyevu wake unashuka karibu na 60 bila kutoa hata tone la maji. Kipima unyevu kidogo kiwemo ndani, na joto lisizidi 35.

Hoteli ni hatari ya aina nyingine. Chelo ikitoka kwenye chumba cha asilimia 80 na kuingia ukumbi wenye kiyoyozi, vigingi vinasinyaa na nyuzi zinashuka zenyewe katikati ya wimbo. Dawa ni kufika saa moja kabla, kasha likiwa limefungwa nusu saa ya mwanzo ili chombo kizoee taratibu.

B tatu

Sasa ile B. Preludi hii inafungua kwa G na D, nyuzi mbili zilizo wazi, kisha B inayopigwa kwa kidole cha kwanza kwenye uzi wa A. Noti hiyo inarudi tena na tena, na nyuzi mbili zilizo wazi zinaendelea kuvuma chini yake, kwa hiyo haina pa kujificha.

Kijana aliyekulia kwenye taarabu akisikia G ikikaa chini na mwendo wa A, B, C juu yake, sikio lake linaita rast, mojawapo ya maqam. Katika rast ya G, B haiko palipo na B ya piano. Iko robo toni chini, au juu kidogo ya hapo, kwa kuwa sikah, hiyo noti ya tatu ya rast, hupigwa juu kuliko ile ya bayati, maqam nyingine. Kwenye uzi wa milimita 690 kidole kinakaa kati ya 57 na 60 kutoka kigogo cha juu. Kijana alikuwa akiipiga kwenye 62 hivi: si rast, si Bach. Alikuwa anajitahidi kutoka kwenye ile anayoijua bila kuambiwa anakokwenda.

Kumwambia «panda kidogo» hakusaidii, kwa sababu hata klasiki yenyewe haina B moja. B inayotulia juu ya D iliyo wazi, bila mawimbi ya kugongana, iko kwenye milimita 69, sehemu ya kumi ya uzi. B inayokimbilia C, ile wanayopenda wapigaji kuipandisha ili ivute, iko karibu na 77, sehemu ya tisa ya uzi. Kutoka ya rast hadi hii ya mwisho ni takriban sentimita 2. Kijana anayesikia tofauti hiyo bila kufundishwa ana kitu ambacho wanafunzi wengi wa huko nje hukifanyia kazi kwa miaka.

Kazi yake kwa hiyo ikawa kuzipa B hizo majina, azitofautishe kwa makusudi: B ya rast, B ya kutulia, B ya kupanda. Kila asubuhi dakika 20. Kwanza anapiga D na B pamoja kwa uta mmoja mrefu, akisogeza kidole mpaka mawimbi yaishe. Hiyo ndiyo ya 69. Kisha skeli ya G kubwa peke yake, B ikielekea C. Kisha anapiga takasimu fupi (muziki wa kubuni papo hapo) ya rast, anakaa juu ya sikah, na bila kupumzika anarudi kwenye paa nne za kwanza (vipande vya mapigo vinavyotengwa kwa mistari kwenye noti) za Preludi na B ya kutulia. Ule mpito wa ghafla ndio zoezi lenyewe. Wiki ya kwanza hukosea karibu kila mara. Kwenye wiki ya sita alikuwa anachagua.

Ndiyo maana ushauri wa kuacha taarabu ulikuwa mbaya. Angeiacha, B ya rast ingefifia bila ile ya kutulia kuwa imejengwa. Hatari iliyo karibu zaidi ni kinanda cha umeme kilichoingia kwenye vikundi vingi: hakina robo toni kikiachwa kama kilivyotoka dukani, na chelo ikikaa karibu nacho kila usiku, rast yenyewe inapotea bila mtu kuamua ipotee.

Mkono wa kulia

Mbano wa mkono ulikuwa na sababu tatu zilizofungamana. Alitoka kwenye fidla, kwa hiyo kidole chake kidogo kilisimama juu ya kijiti cha uta. Kwenye chelo kidole hicho huning'inia pembeni ya kitako, kipande cha uta kinachoshikwa mkononi. Jukwaani taarabu hukaa safu kwa safu, bega kwa bega, na kiwiko kinajifunza kubana ubavuni. Walimu wa Ulaya karne ya 19 waliwabana wanafunzi vivyo hivyo, wengine kwa kuwapa kitabu wakishike kwapani. Pablo Casals, mpigaji chelo wa Uhispania, alikuwa miongoni mwa waliolivunja jambo hilo. Ni huyohuyo aliyezikuta suiti hizi za Bach kwenye duka la noti Barcelona mwaka 1890, akiwa na miaka 13, akazifanyia kazi takriban miaka 12 kabla ya kuzipiga hadharani.

Sababu ya tatu haikuonekana mpaka uta uliposhikwa mkononi. Nywele za mkia wa farasi hurefuka kwa unyevu. Uta huu ulitiwa nywele nje, kwenye hewa kavu, ukaja hapa ukalegea. Skrubu ilifika mwisho na nywele bado zinagusa kijiti. Mpigaji akafidia kwa kukandamiza. Hakuna mkono utakaolegea juu ya uta wa namna hiyo. Nywele mpya zilitiwa fupi kwa milimita chache, na ulimbo wa kupaka nywele za uta, laini na mweusi, unaonata kwenye joto letu, ukabadilishwa kwa mgumu wa rangi ya asali. Kasha la uta likiachwa limefungwa gizani kwa miezi, wadudu wadogo hula nywele. Lifunguliwe kwenye mwanga kila wiki.

Zoezi lilikuwa moja: uta mzima, kutoka kitako hadi ncha, metronomu (kifaa cha kuhesabu mapigo) kwenye 60, mapigo 8, baadaye 12, baadaye 16, kwa vipande vinne vya utepe vilivyogawa kijiti robo kwa robo ili kila robo ipewe mapigo sawa. Kwenye taarabu alikuwa akitumia sentimita 15 hadi 20 za katikati. Mguu wa chuma wa chelo uliteleza kwenye sakafu ya terazo. Ukanda uliofungwa kwenye mguu wa kiti ulimaliza tatizo hilo.

Kusoma noti kulikwenda haraka. Alizoea melodi ya fidla kwa ufunguo wa G (alama ya mwanzo wa mstari inayoonyesha mahali pa noti) akiishusha oktavu. Ufunguo wa F aliushika kwa miezi miwili, dakika 15 kwa siku, kila siku ukurasa asiouona kabla.

Kurekodi na kuondoka

Vyuo vingi havikubali video za maombi zenye kuunganisha vipande ndani ya kazi moja, kwa hiyo paa 42 za Preludi lazima zitoke kwa mkupuo. Simu nzuri inatosha, umbali wa mita 2 hadi 2.5, kichuja kelele kikiwa kimezimwa, maana huchukua mvumo wa nyuzi zilizo wazi kuwa kelele na kuukata. Chumba cha dari ndefu na kuta za mawe hurudisha sauti mno. Mazulia mawili na pazia nzito nyuma ya mpigaji vilitosha. Saa iliyofaa ilikuwa kati ya alfajiri na kuchomoza jua, baada ya watu kutoka msikitini na kabla ya pikipiki.

Juu ya matarajio, ni haki kusema wazi. Sheku Kanneh-Mason, mpigaji chelo wa Uingereza, alianza chelo akiwa na miaka 6, na mwaka 2016, akiwa na miaka 17, alishinda shindano la BBC la wanamuziki chipukizi. Aliyeanza akiwa na miaka 16 hashindani kwenye njia hiyo. Njia iliyo wazi ni okestra, kufundisha, na kupiga penye haja ya mtu anayesoma noti za Ulaya na kuisikia bayati. Watu hao ni wachache kote, na hapa mjini, kwenye vikundi vyenye historia kama ya Ikhwani Safaa, klabu ya taarabu iliyoanzishwa mwaka 1905, kazi ya kumlea anayemfuata inasubiri.

Alipokubaliwa, chelo ya klabu alipewa aende nayo kwa maandishi, na tatizo lote likageuka. Chumba kinachopashwa joto wakati wa baridi Ulaya hushuka hadi asilimia 30. Kifua kilichovimba hapa kitasinyaa na kushuka, nyuzi zitalala juu ya ubao na kuvuma, na mbao ikikauka kwa ghafla inapasuka. Nywele zilizotiwa fupi kwa ajili ya Unguja zitakaza huko hadi kukipinda kijiti. Uta ulegezwe kila unapowekwa, na nywele zibadilishwe mwezi wa kwanza. Fundi alichonga daraja la pili, refu kwa milimita 3, likafungwa kwa kitambaa kwenye mfuko wa kasha. Chini ya mguu wa lile lililosimama aliandika U, la Unguja, kwa penseli, na chini ya hili jipya akaandika B, la baridi.